Mashine Ikikuuliza, Kata

Kwenye mkahawa ninakofanya kazi, chini kidogo ya hospitali ya Nsambya, wateja wetu wengi ni watu waliokuja kuangalia wagonjwa. Wengine wametoka Kenya kama mimi. Wanajulikana hata kabla hawajafungua mdomo, kwa sababu wanaangalia bei ya chai ukutani wanashtuka, halafu wanakumbuka kwamba shilingi za huku si kama za kwetu, wanacheka. Wakishakunywa kikombe cha kwanza wananiuliza swali lile lile: dada, hapa mtu mwenye kadi ya nyumbani atoe pesa wapi isikatwe sana?

Mimi huwajibu vizuri, tena kwa furaha, maana kuna oveni moja karibu initoroke kwa sababu ya swali hilo.

Shule niliishia kidato cha pili. Somo la biashara nililipenda, lakini nililipenda kama mtu anavyopenda wimbo asioujua maneno. Baadaye nilipata kazi ya duka mjini kwetu, na mwenye duka alitaka kila mfanyakazi awe na akaunti ya benki. Siku ya kuifungua sikuwa na laini ya simu ya jina langu, nikaandikisha nambari ya mama. Kazi ya duka haikudumu. Nikaja Kampala, nikapata chumba Makindye, na kadi ya benki ikaenda kulala chini ya godoro, kwa sababu mkahawani tunalipwa mkononi. Kazi yangu ni chai ya maziwa na chapati. Watu wa hapa husema Mkenya huzaliwa ameshika kifimbo cha kusukumia chapati. Sibishani nao. Kifimbo hicho ndicho kinacholipa chumba.

Lakini kichwani mwangu sikuwa mpishi wa chapati. Kichwani nilikuwa na duka la keki lenye mlango wa kioo, na kengele ndogo inayolia mteja akiingia. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya aproni. Nilikuwa nimeamua kwamba keki za watoto nitaziuza kwa bei ya huruma na za maharusi nitalipisha bila huruma. Nilichokosa ni duka, mlango, kengele na oveni tu.

Oveni niliijua. Ilikuwa ya mwanamke tuliyemwita mama mapacha, kwa kuwa alikuwa na mapacha wawili wanene wasioweza kutulia. Mumewe ni polisi, na walikaa katika nyumba za polisi pale pale Nsambya. Wote wawili ni watu wa kaskazini, na Kiswahili chao ni kile cha nyumba za askari, kinachokwenda moja kwa moja bila kupiga kona. Kila asubuhi mama mapacha alituletea beseni la keki ndogo, zimefunikwa kitambaa cheupe, nasi tukamuuzia. Siku moja nilimuuliza kwa nini keki zake hazipasuki juu. Akaniangalia, akasema, "Jumapili ukitoka kanisani, kuja." Nikaenda. Tangu hapo nikawa naenda kila Jumapili.

Oveni yenyewe ilikuwa ya umeme, ya rafu mbili, nyeupe iliyoanza kuwa rangi ya siagi. Mlango wake ulitaka kusukumwa kwa goti ndipo ufunge. Mtu asiyeijua angeuacha wazi kidogo, keki ikalala. Mimi goti langu lilikuwa limeshajifunza.

Ndipo uhamisho ukaja. Mumewe alipangiwa kituo cha mbali, mahali ambapo umeme ni wa kuomba. Mama mapacha aliniambia habari hizo huku akipanga keki mezani, kama mtu anayesoma tangazo.

"Oveni nauza," akasema. "Laki tisa. Kuna mama moja ya Mengo, ile anapika kwa harusi, amekuja ameipiga hivi na mkono, koo, koo, amesema analipa yote mara moja."

"Ameshalipa?"

"Nimemwambia angoje Jumamosi. Lori inakuja Jumamosi. Mimi nataka wewe uchukue, mtoto wangu. Wewe unajua mlango yake. Yule mama ataivunja."

Nilikwenda nyuma ya mkahawa nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Laki tisa sikuwa nazo, wala nusu yake. Jioni nilimpigia mama simu, si kwa kuomba, ila kwa sababu nilizoea kumweleza mambo yanayoniuma yakiwa bado ya moto. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Chama kimenifikia wiki hii."

Chama chao ni cha wanawake wa kanisani. Kila mmoja anachanga, na zamu ikikufikia unapewa zote kwa pamoja. Zamu hii mama alikuwa ameiwekea mipango ya mabati kabla hata haijakaribia.

"Mama, na paa?"

"Paa limevuja tangu ukiwa darasa la tatu. Limezoea."

"Mama."

"Nitakuwekea kwenye ile akaunti yako. Elfu thelathini na tano. Lakini unasikia? Nataka kitu ambacho nikija nitakigusa. Sitaki kuja kuonyeshwa viatu."

Nililia kidogo, nikacheka kidogo, nikatoa kadi chini ya godoro nikaipangusa kwa kanga. Nilipita kwenye duka la kubadilisha pesa nikasoma kibao chao: shilingi moja ya kwetu kwa ishirini na nane za huku. Kwa bei hiyo, pesa ya mama ingefika laki tisa na elfu themanini. Oveni, unga, na gari la kuibeba mpaka Makindye. Nilitembea kutoka pale kama mtu mwenye duka tayari.

Njia ya kutuma kwa simu ilikuwepo, lakini ilikuwa inakatwa kule na inakatwa tena huku, na mama alishaipeleka pesa benki. Kulikuwa pia na Mkenya mwenzetu muuza mitumba aliyesema nimpe kadi na nambari ya siri, yeye atajua la kufanya. Hata mtu wa kidato cha pili anajua la kufanya akiambiwa hivyo.

Nikaenda kumuuliza mama mapacha, kwa sababu mumewe aliwahi kupelekwa kulinda amani nchi nyingine, na huko alitumia kadi ya benki ya Uganda kwenye mashine za watu. Nilimkuta anakanda unga, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko.

"Wewe, sikia," akasema. "Kadi ya nchi ingine, mashini inaleta maswali. Ikikuuliza, wewe kata."

"Nikate?"

"Kata! Usiogope. Bwana yangu mwanzo alikuwa anaogopa, pesa yake ikaisha bure. Mimi nikamwambia kwa simu, wewe mwanaume, kata. Akaanza kukata, ikawa mzuri."

"Sawa mama. Nitakata."

Nilielewa vizuri kabisa. Pesa nyingi usiichukue kwa pamoja. Ikate vipande. Leo kidogo, kesho kidogo, hata mwizi akikukuta anakuta kipande. Tena niliona ni shauri la mtu aliyeishi na polisi.

Basi nikakata. Karibu na ninapokaa kuna kituo cha petroli chenye mashine ya pesa pembeni. Siku ya kwanza nikaenda nikitoka kazini, nikaingiza kadi, nikaandika laki moja. Mashine ikafikiri, kisha ikaniletea ukurasa wa Kiingereza kirefu cha benki. Niliweza kuona maneno machache. Iliandika laki moja ya Uganda, na chini yake ikaandika ni kiasi gani kwa pesa ya Kenya, kama elfu tatu na mia nane na hamsini. Upande mmoja palikuwa na neno la kukubali, upande wa pili neno la kukataa.

Nataka kusema ukweli kuhusu ukurasa ule: ulinifurahisha. Niliona shilingi ya Kenya imeandikwa pale Makindye, nikajisikia kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha yake sokoni. Na neno la kukataa liliniogopesha. Nilidhani nikiligusa nitakuwa nimekataa pesa yenyewe, na mashine ikasirike ibaki na kadi. Mimi nimelelewa kwamba ukipewa kitu unapokea kwa mikono miwili. Nikakubali. Pesa ikatoka. Nikasema asante, kwa sauti, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akacheka.

Siku ya pili nikakata tena. Siku ya tatu nikakata tena. Laki tatu zikawa ndani ya kopo la majani ya chai chumbani kwangu, nami nikajiona mjanja.

Jioni ya siku ile ya tatu mama akapiga.

"Hii benki yako ina maneno mengi," akasema. "Kila siku inanitumia ujumbe."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nambari iliyoandikishwa ni yake. Mama anasoma polepole, kila neno analishika kama anachagua mchele. Akanisomea. "Wametoa elfu tatu mia nane na hamsini. Sawa, huyo ni wewe. Halafu chini yake, mia nne na hamsini. Huyo wa mia nne na hamsini ni nani?"

"Ni makato, mama. Kwa sababu niko nje ya nchi."

"Na jana yuko. Na juzi yuko. Kila ukienda anakufuata?"

Nikamwambia nitampigia.

Asubuhi yake, kabla wateja hawajaingia, nilimwaga unga juu ya meza ya chapati nikapiga hesabu kwa kidole. Laki tatu nilizotoa zilikuwa zimekula elfu kumi na mbili na mia tisa za mama. Nikazidisha na kugawanya, nikafuta kwa kiganja, nikarudia. Hesabu ikakataa kubadilika. Kwanza yule wa mia nne na hamsini alikuwa ni benki yetu ya nyumbani, na alikuja kila nilipotoa, iwe pesa nyingi au kidogo. Pili, bei niliyobadilishiwa haikuwa ile ya kibaoni. Ilikuwa ya chini. Mashine ilikuwa imenibadilishia kwa bei yake yenyewe. Zilizobaki kwenye akaunti zilikuwa elfu ishirini na mbili na mia moja, na nilihitaji laki sita zaidi. Kwa mwendo ule hazingefika. Hata nikimtoa mtu wa mia nne na hamsini, hazingefika.

Nilifikiria paa la nyumbani. Kuna beseni la bluu ambalo huwekwa katikati ya sebule mvua ikija, na linajulikana mahali pake kama kiti kinavyojulikana. Mama alikuwa ameamua kuendelea na beseni lile ili mimi niwe na oveni, nami pesa yake nilikuwa nimeigawia mashine.

Mama mapacha akaingia na keki zake. Akaona unga, akaona sura yangu.

"Nini?"

"Mama, pesa haitoshi. Imekatwa."

"Imekatwa namna gani? Nilikuambia kata!"

"Si nimekata! Nimekata mara tatu!"

"Mara tatu? Mashini imekuuliza mara tatu, umekata zote?"

"Nimekata, nimetoa laki, laki, laki."

Akaweka beseni chini. "Umekata nini, wewe?"

"Pesa. Nimeikata vipande. Si ulisema?"

Akanyanyua mkono wake, akautikisa mbele ya uso wangu kama mtu anayefukuza kuku jikoni. "Kata! Hapana! Sitaki! Toka! Hiyo ndio kata!"

"Mama... hiyo ni kataa."

"Ndio. Kata."

"Kataa. Inavutwa."

"Sasa mimi nimesema nini?"

Kwa mahali alikozaliwa yeye na vile Kiswahili chake kilivyopita mikononi mwa askari, maneno hayo mawili yalikuwa yameshakuwa neno moja. Kwake hayakuwahi kuleta shida. Mtu akimsikia sokoni anasema "nakata", anaona na uso wake, anaelewa. Mimi siku ile niliangalia unga, si uso.

Tulicheka. Nasema ukweli, tulicheka mpaka mwenye mkahawa akachungulia kutoka jikoni kuuliza kama kuna mtu amekufa. Kisha mama mapacha akaketi juu ya gunia la sukari, kicheko kikamwishia.

"Basi mimi ndio nimekuharibia," akasema.

"Hujaniharibia, mama. Ni masikio yangu."

"Ningekupunguzia bei. Lakini pesa ya lori iko ndani ya hiyo oveni. Dereva analipwa nayo. Na shule ya hawa watoto kule."

"Najua, mama. Usipunguze."

Nilikuwa najua kweli. Mumewe alikuwa ameshauza hata baiskeli.

Tukaanza upya, sasa polepole, nami nikimrudishia kila neno alilosema ili nione kama ndilo. Jambo la kwanza: mashine ikiuliza kama ikubadilishie pesa yenyewe, unakataa. Ukikataa, pesa inatoka vile vile, ila kazi ya kubadilisha inaachiwa benki yako ya nyumbani, ambayo bei yake inakaribia ya kibaoni. Mumewe alikuwa amejaribu njia zote mbili siku moja, akaona tofauti kwa macho. La pili: usiende mara nyingi. Yule anayekata kila ukitoa, mpe nafasi moja tu. La tatu ndilo lililonitoa jasho. Mashine ya petroli ilikuwa haitoi zaidi ya laki nne kwa mara moja. Mimi nilihitaji laki sita.

"Mengo iko moja kubwa," akasema. "Inatoa mpaka milioni. Bwana yangu anaijua. Na mashini zingine zinakata na zenyewe, juu ya benki yako. Hiyo haikati. Inakwambia kabla, unasoma. Ukiona imeandika inakata, unakata."

"Ninakataa."

"Ndio, hivyo."

Nikarudi kwenye unga. Kwa njia hii, kama bei ya benki haitaanguka, laki sita zingetosha na kubaki kitu kidogo sana, kama mia mbili, au chini. Kama bei ingeanguka hata kidogo, hazingetosha. Kulikuwa na nafasi ya kuweka kidole tu.

Jumamosi asubuhi lori lilikuwa limeshafika nilipopita kwenye nyumba za polisi. Vitanda vilikuwa juu, mapacha wamekaa kwenye usukani wakipigana. Oveni ilikuwa bado nje, kwenye nyasi, na karibu yake amesimama yule mama wa Mengo mwenye gauni zuri na mkoba wa ngozi. Hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia vizuri kabisa. Alikuwa amekuja tu kuona kama atapata.

"Mpaka saa nne," mume wa mama mapacha akaniambia kwa upole. "Dereva hawezi kungoja zaidi."

Niliomba ruhusa mkahawani. Mwenye mkahawa akasema, "Nenda, lakini chapati hazitajisukuma." Nikapanda pikipiki mpaka Mengo.

Mashine ile ilikuwa kwenye kibanda cha kioo, na foleni ilikuwa imetoka nje. Mlinzi alikuwa kijana wa Kiganda mwenye bunduki kubwa na tabasamu kubwa zaidi. Zamu yangu ilipofika niliingiza kadi. Nilisoma kila kitu kwa kidole, kama mama. Haikuandika kwamba inakata. Nikaandika laki sita. Mashine ikafikiri.

Kisha ule ukurasa ukaja. Laki sita za Uganda, na chini yake, kwa pesa ya Kenya, elfu ishirini na tatu na kitu. Zaidi ya nilizo nazo. Safari hii ile shilingi ya kwetu haikunisalimia. Neno la kukubali lilikuwa la kijani, kubwa, limekaa mahali ambapo kidole kinaanguka chenyewe. La kukataa lilikuwa dogo, kijivu, pembeni, kama mtu aliyeambiwa asimame nyuma kwenye picha.

Nilijua la kufanya, na bado kidole kiligoma. Je, kama mama mapacha amekosea tena? Je, kama kataa ni kataa kweli, na mashine ikachukua kadi, na leo ni Jumamosi, na benki yangu iko nchi nyingine?

"Nnyabo!" mtu wa nyuma akaniita, kama Waganda wanavyomwita bibi. "Unasali humo ndani?"

"Mwache," akasema mwanamke mwingine. "Anaiaga pesa yake."

Nikagusa kataa.

Kioo kikawa cheupe. Halafu kikaandika nisubiri. Nikasubiri. Hakuna sauti. Mlinzi akachungulia.

"Dada, imekura kadi?"

Alitaka kusema imekula, lakini kwa watu wengi wa hapa l na r hubadilishana viti. Wakati mwingine ningecheka. Wakati ule nilitikisa kichwa tu, sikujua natikisa kusema ndiyo au hapana.

Ndani ya mashine kukaanza kuhesabu. Ni sauti ninayoipenda mpaka leo, kama mtu anayechanganya karata haraka haraka. Kadi ikatoka, kisha pesa, bunda nene lenye joto. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Nilipokuwa najificha nyuma ya kibanda kulifunga kiunoni, simu ikaita. Mama.

"Wametuma," akasema. "Ngoja nisome. Elfu ishirini na moja, mia tano na themanini na tatu. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Halafu yule wa mia nne na hamsini." Akatafuta chini zaidi. "Leo yuko mmoja tu."

"Mmoja tu, mama."

"Na zimebaki sitini na saba. Hizo ndizo zote?"

"Ndizo zote."

"Basi ziache hapo hapo. Akaunti isilale njaa."

Mwenye pikipiki aliendesha kama aliyekuwa na oveni yake mwenyewe. Tulipoingia kwenye nyumba za polisi injini ya lori ilikuwa inanguruma na yule mama wa Mengo alikuwa amefungua mkoba. Niliteremka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Nikampa mama mapacha laki sita za moto na laki tatu zilizokuwa zinanuka majani ya chai. Hakuzihesabu. Mumewe alizihesabu, maana dereva alikuwa amenyoosha mkono. Yule mama mwingine akafunga mkoba wake, akaipiga oveni kwa mkono mara ya mwisho, koo, koo, akaniambia, "Ukianza kupika, nitakuja kuonja." Na alikuja kweli, lakini hiyo ni baadaye.

Mama mapacha akaingia ndani ya nyumba tupu akatoka na sinia. Juu yake palikuwa na keki moja kubwa, ya mduara, bila mapambo. Alikuwa ameioka alfajiri, ya mwisho kutoka kwenye oveni ile kabla haijawa yangu. Haikuwa imepasuka juu. Akaiweka juu ya oveni, akafuta kisu kwa kitenge chake, akaninyooshea kwa upande wa mpini.

"Kata," akasema.

Nilikishika kisu nikamwangalia. "Nikate, au nikatae?"

Alinipiga kofi la bega, macho yake yamejaa. "Wewe Mkenya, utaniua. Kata!"

Mapacha walikuwa wameshateremka kwenye usukani na kuja mbio, dereva akapiga honi, mume wa mama mapacha akamwambia azime injini kidogo. Nikakata vipande vikubwa. Cha kwanza nikampelekea dereva, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haraka.